Mahali Alipolala Mkubwa

Nimestaafu mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minane ya kuishi na mafaili. Kwenye sherehe ya kuniaga nilipewa saa ya ukutani, kitenge cha mke wangu, na dakika tano za kuzungumza. Nilitumia moja na nusu. Neema, anayekalia kiti changu sasa, alinifuata nikiwa bado nimeshika sahani. "Mzee, umetuangusha," akasema. "Tulitegemea madini." Madini, kwa lugha ya vijana wa redioni, ni maneno ya maana. Nikamwambia madini hayamwagwi mbele ya watu wanaowaza pilau. Akasema basi niandike, wale wanaokuja nyuma wasome. Ndiyo haya, na lawama zote apelekewe yeye.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilinifikia kikiwa kimechoka na safari. Ofisi yenyewe pia naiacha bila jina, maana walioko ndani bado wanakula humo, na mimi bado nawapitia kuchaji simu. Inatosha kusema ni ofisi ya serikali, na kwamba maisha yangu yote ya kazi yalikuwa kati ya Kasulu na Kibondo. Na yule kiongozi wa miaka ya mwanzo ya nchi ambaye barua zake ndizo kiini cha maandishi haya, nitamwita Mkubwa, kama tulivyomwita masjala. Siogopi kumtaja. Ila huku kwetu kila mtu ana Mkubwa wake moyoni, na sitaki kuandikiwa barua za kusahihishwa. Nimeshasoma barua za kutosha.

Nilifika kazini Jumatatu asubuhi, nimepanda lori la maharage kutoka kwetu, shati jeupe likiwa limegeuka rangi ya barabara. Aliyenipokea alikuwa Mzee Melkiori, mkuu wa masjala, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Tulisalimiana Kiha, na kwa Muha salamu si jambo la kupita nalo mbio. Unapiga makofi taratibu, unasema mwakeye, unauliza wa nyumbani, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, unapiga makofi tena. Tulipomaliza, robo saa ya serikali ilikuwa imekwenda. Hapo akavaa uso mwingine.

"Humu ndani tunasema Kiswahili," akasema, "na tunasema kidogo."

Akanipa jalada moja, akaniambia nimwambie lina kasoro gani. Nililigeuza kama daktari mwanafunzi. Kila barua ndani ya jalada hupewa namba, nasi namba hiyo tunaiita folio. Nikaona baada ya folio ya nane inakuja ya kumi.

"Ya tisa haipo," nikasema.

"Nani kaichukua?"

"Sijui, Mzee."

"Vizuri. Karani anayejua siku ya kwanza huyo ndiye aliyeichukua."

Nikawa nimeajiriwa. Vifaa vyangu vilikuwa pancha yenye jino moja zima, sindano ya shazia ya kushonea majalada yaliyopasuka, kamba za kufungia, wino, na bakora fupi ya kufukuzia popo. Mzee Melkiori alinifundisha kunusa jalada kabla ya kulifungua, kwa sababu mchwa wana harufu ya udongo mbichi, na ukiisikia mapema unaokoa nusu ya karatasi. Alisema masjala ina maadui wanne: mchwa, panya, mvua na mabosi. Watatu wa kwanza wana dawa.

Mwaka wa pili ndipo aliponionyesha barua za Mkubwa. Lazima niwaeleze vijana ilivyokuwa, maana ninyi mmezoea kiongozi anapita na vioo vimepandishwa. Mkubwa alipokuwa akizunguka nchi, alikuwa anasimama kila penye watu, na kila penye watu alipewa barua. Mzee Melkiori alikuwa karani kijana wakati huo, na kazi yake kwenye msafara ilikuwa kubeba kapu. Si kapu la chakula, la barua. Watu wa huku walimwandikia kila kitu. Mmoja aliomba shule. Mwingine aliomba Mkubwa amwambie shemeji yake aache kumzungumzia vibaya. Bwana mmoja wa upande wa Kibondo alimwandikia kurasa sita kuhusu nguruwe wa jirani, akachora na ramani.

Na Mkubwa alizisoma. Hilo ndilo lililowashangaza mabosi wote, na kuwatesa. Alizisoma njiani, gari likiruka mashimo, akaandika pembeni kwa wino wa kijani: chunguzeni, mjibuni. Kuna mtu alilalamika kuwa katibu wa kijiji chake amemnyang'anya jembe. Barua ile ikapanda juu na Mkubwa, ikapata wino wa kijani, halafu ikaanza kushuka. Ikashuka mkoani, wilayani, tarafani, katani, na kila iliposhuka ilipata muhuri mmoja zaidi, mpaka ikatua mezani kwa mtu aliyetakiwa kufanya uchunguzi. Alikuwa yule yule katibu. Akachunguza kwa makini, akajibu kwamba jembe halikuonekana. Jibu lake lipo, limechapwa vizuri, halina kosa hata moja la herufi.

Lakini baadhi ya barua Mkubwa alizijibu mwenyewe. Zilikuwa fupi, mistari mitano au sita, na alikuwa na tabia ya kutia sahihi hata kwenye nakala inayokuja ofisini. Nakala hizo ndizo zilizotuletea wezi. Watu waliingia masjala kwa kisingizio cha kutafuta cheti cha kuzaliwa, wakatoka na sahihi ya Mkubwa kwenye soksi. Mmoja aliikata kwa wembe, akaibandika chini ya karatasi inayosema apewe kibali cha kukata miti. Bwana miti alipoiona alisimama wima kwa heshima, akaonyesha na msitu wenye miti mizuri zaidi.

Mzee Melkiori akatafuta dawa. Kila kitu kuhusu maandalizi ya safari zile, ratiba, orodha za wageni, mipango ya vyakula, alikiacha kwenye jalada lenye jina tukufu la Ziara za Viongozi. Barua zenye sahihi alizitoa zote, akazihamishia kwenye jalada liitwalo Majosho na Kupe. Katika miaka yote ya uhuru hakuna binadamu aliyewahi kuja kuomba jalada la kupe. Hata bwana mifugo hakuja.

"Sasa sikiliza," aliniambia siku ya kunikabidhi funguo, mwaka aliostaafu. "Ukitaka kujua kilichopangwa, soma jalada la ziara. Ukitaka kujua kilichotokea, nenda kwa kupe. Usichanganye."

Nikamwambia nimeelewa, Mzee. Nilikuwa nimeelewa kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Baadaye nikaazimwa Kibondo kwa miaka kadhaa, kipindi ambacho watu walikuwa wanavuka mpaka kwa maelfu na mashirika yanawafuata na makaratasi. Sijawahi kuona karatasi nyingi vile. Kila shirika lilikuwa na fomu yake, na kila fomu iliuliza jina la kijiji ambacho mtu amekikimbia, kana kwamba angesahau. Mkongomani mmoja wa kambini Nyarugusu, mchungaji, alisafiri kutoka upande wa Kasulu mara tatu kutafuta karatasi ya mwanawe. "Papa karani," alikuwa ananiambia, "bila ile dokima, mtoto wangu ni mtu wa hewa." Tuliipata mara ya tatu, ndani ya fomu za magodoro. Siku ile nilijua kwa nini ninalipwa, na ni siku chache nimelijua hilo.

Niliporudi Kasulu nilikuta mimi ndiye mkuu wa masjala kwa cheo, si kwa funguo tu, na nikakuta vijiji viko kwenye mashindano. Kila kijiji kilikuwa kinadai Mkubwa alilala kwao. Ukijumlisha madai yote, Mkubwa alilala katika wilaya zetu hizi mbili zaidi kuliko alivyolala kwake. Kulikuwa na kijiji upande wa Kibondo kinachoonyesha jiwe alilokalia, na kijiji cha pili kinachodai jiwe lile lile ni lake, kwa sababu kijiji cha kwanza kilipohama kililibeba kutoka hapo. Mimi nilicheka sana. Karani hucheka mambo ya watu mpaka yamfike mezani.

Yalinifika. Kijiji kimoja upande wa Kitanga, jina naliacha, kiliandika kuomba ofisi ithibitishe kwamba Mkubwa alilala kijijini hapo, nyumbani kwa seremala aitwaye Gerazi. Hawakutaka makubwa, walisema, kibao tu cha barabarani. Kila mtu kijijini alijua habari hiyo, na Gerazi mwenyewe, aliyekuwa bado hai, alikuwa anaisimulia kila apatapo msikilizaji. Nikafungua jalada la Ziara za Viongozi. Folio ya kumi na nne, ratiba, imepigwa taipu: saa kumi na mbili jioni, Mkubwa anawasili kijijini, chakula, mapumziko ya usiku kwa Ndugu Gerazi. Nikachukua karatasi yenye nembo, nikaandika kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, kiongozi huyo alilala hapo. Nikataja namba ya jalada, nikataja folio. Nikagonga muhuri. Ilikuwa barua nzuri, fupi, na kila mtu aliisifu.

Kijana wa masjala ajifunze hapo. Ratiba inasema kilichotarajiwa. Haijui kama mvua ilinyesha.

Nasogea sasa mpaka mwezi wangu wa mwisho kazini. Aliingia bibi mmoja, mwembamba, amejitanda kanga mbili, na viatu vyake ameviacha mlangoni japo sakafu yetu haistahili heshima hiyo. Tulipigiana makofi ya salamu mpaka Neema akamaliza kuchapa barua nzima. Halafu akasema anaitwa Yozefina, mjane wa Gerazi seremala.

"Wewe ndiye karani uliyeandika barua ya kibao?"

Nikasema ndimi, tena kwa majivuno kidogo.

"Basi barua yako inanitoa nyumbani."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Kile kibao kilikuwa kimezaa kamati. Kamati ilikuwa imeamua kwamba nyumba aliyolala Mkubwa haiwezi kuendelea kukaliwa na bibi na mbuzi wake. Igeuzwe makumbusho, na shamba linaloizunguka liwe maegesho ya mabasi ya watalii. Mabasi ya watalii, Kitanga, ambako hata gari la chanjo linafika kwa maombi. Yeye atapewa kiwanja kando ya mto. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa katikati ya mihogo yake. Kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba, na kamati ilikuwa imemwahidi kulipaka rangi. Mkutano wa kijiji wa kupitisha jambo hilo ulikuwa umepangwa wiki inayofuata, na ushahidi pekee wa maandishi ulikuwa wa kwangu.

"Nimekuja kwa sababu kuna barua nyingine," akasema. "Mkubwa alimwandikia mume wangu. Ililetwa na tarishi wa baiskeli, miezi miwili baada ya ziara. Mume wangu aliwasomea watu, akaiweka sandukuni, mchwa wakaila. Niliambiwa zamani kwamba kila barua ya Mkubwa ina ndugu yake ofisini."

"Inasemaje, Bibi?"

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Itafute."

Nilipoinuka kwenda kwenye rafu nilishakumbuka. Majosho na Kupe halikuwa kwenye rafu. Lilikuwa kwenye orodha ya majalada ya kuteketezwa, orodha niliyoiandaa mimi mwenyewe miezi miwili kabla, kwa haraka ya mtu anayetaka kuacha ofisi safi, bila kufungua jalada moja moja kama nilivyowafundisha wengine kwa miaka. Magunia yalikuwa stoo, yakisubiri wakaguzi waje kushuhudia moto. Nikamwomba Bibi Yozefina arudi nyumbani, nitamfuata.

Neema na mimi tulifungua magunia. Yalikuwa kumi na moja. Tulikohoa pamoja kwa siku mbili, yeye na barakoa yake, mimi na leso. Kwenye gunia la saba tukalipata, jalada la kijivu, pembe moja imeliwa na panya. Ndani yake, baada ya taarifa tatu za majosho yasiyo na maji, zikaanza zile karatasi nyembamba za Mkubwa. Neema ndiye aliyeifikia ya Gerazi kwanza, akaisoma, akanitazama.

"Mzee. Hakulala."

Nikaichukua. Mkubwa alikuwa anamwandikia Ndugu Gerazi kuomba radhi. Mvua iliwakatia njia darajani, wakarudi Kasulu, naye hakukanyaga kijiji hicho kabisa. Aliambiwa baadaye kwamba walimsubiri mpaka usiku mkubwa. Na chini, kabla ya sahihi, alikuwa ameandika: "Nimeambiwa mke wako alinitandikia kitanda. Umwambie nasikitika kwamba kilikesha bure."

"Kwa hiyo barua yako ndiyo imeleta haya yote," Neema akasema.

"Ndiyo."

"Duh."

Nisiwadanganye. Zilibaki wiki tatu nistaafu, na jalada lile lilikuwa tayari kwenye orodha ya moto yenye sahihi halali. Nilitamani kulirudisha kwenye gunia la saba, nifunge kamba, nimwambie bibi sikuona kitu. Nilikaa na tamaa hiyo kwa muda wa kutosha kuijua vizuri. Sikumshinda shetani kwa ushujaa. Neema alikuwa amesimama pale ameshika barua, na hakuwa na dalili ya kuiachia.

Siku mbili kabla ya mkutano nikapanda bodaboda kwenda Kitanga. Nilitaka kumsomea Bibi Yozefina barua kabla haijasomwa mbele ya watu, maana niliiona hatari yake. Barua hiyo ingemwokolea nyumba, lakini ingemtoa mumewe kaburini na kumtangaza mwongo mbele ya kijiji kizima. Gerazi alikuwa ameishi na habari ile ya Mkubwa kulala kwake hadi kufa. Padri aliitaja kwenye mazishi.

Nilimkuta anapeta maharage kwenye ungo. Nikasoma taratibu, nikifika kwenye daraja nikapunguza sauti, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Hakuacha kupeta. Nilipomaliza, nikamwambia pole, Bibi, najua ulikuwa huna habari.

"Kitanda nilikitandika mimi," akasema. "Asubuhi nikakikuta nilivyokiacha. Ningekosaje habari?"

Nikaikunja karatasi. Nikamwambia labda kuna njia nyingine. Ningeweza kuandika barua mpya, ya maneno ya kuzungukazunguka, kwamba ofisi inapitia upya kumbukumbu zake, kamati isubiri. Nina utaalamu wa barua za namna hiyo. Zinaweza kuchelewesha jambo mpaka wahusika wote wafe.

"Nami niko katika hao watakaokufa," akasema. "Halafu wataipiga rangi nyumba yangu. Wewe njoo usome. Soma yote, na hapo pa kitanda usiparuke."

Mkutano ulifanyika saa nane mchana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti wa kijiji alifungua kwa kueleza maendeleo. Alikuwa mtu wa heshima zake, si mbaya, ila alikuwa ameshaota mabasi. Akasema tumebahatika leo tuna mtaalamu wa kumbukumbu kutoka wilayani, ambaye atatuthibitishia. Nikasimama. Nikasema nimekuja na barua ya Mkubwa mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nikasoma.

Makofi hayakurudiwa. Mwenyekiti aliniomba nisome tena, polepole, na mara ya pili haikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Akaomba kuiona sahihi. Akaiona. Mzee mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Kumbe Gerazi alitudanganya maisha yake yote." Mtu akacheka, wa pili akafuata, na darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akasema mtoto wake amepewa jina la Mkubwa kwa sababu ya kitanda kile, sasa afanyeje, ambatize upya. Wakacheka zaidi. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa nimechekea mambo ya namna hiyo miaka mingi, na kile kicheko nilikijua kama sauti yangu mwenyewe.

Bibi Yozefina alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alisubiri. Walipoanza kufuta machozi akasimama, akashika dawati la mbele yake.

"Ni kweli alidanganya," akasema. "Sasa niwaambie kwa nini. Nilikuwa mke mpya hapa kijijini. Niliuza kitenge cha harusi yangu nikanunua shuka mbili nyeupe dukani kwa yule Mwarabu wa Kasulu, ili mgeni wa nchi asilale kwenye mkeka. Nikachinja na kuku wangu wawili. Mgeni hakuja. Wanawake wa kijiji hiki, wengine mko hapa, mlinicheka kisimani siku tatu. Mliniita mke wa Mkubwa. Siku ya nne sikwenda tena kisimani, nilikaa ndani nikilia. Gerazi akatoka, akasimama pale penye kengele ya shule, akasema Mkubwa alikuja usiku ninyi mmelala, akala kuku, akalala, akaondoka kabla ya jogoo. Mkaamini. Mkaacha kunicheka. Alisema uongo ule mara moja kwa ajili yangu. Halafu akawa hawezi kuuacha tena, hata barua ilipokuja akawasomea shukrani zisizokuwamo, akauzeekea. Leo mimi ndiye nimeuvunja, naye hayupo kunitetea. Basi nichekeni tena. Lakini nyumba ni yangu."

Akakaa. Bibi mmoja wa rika lake, wa dawati la tatu, alijifunika uso kwa kanga, na hakuufunua mpaka mkutano ulipokwisha.

Mwenyekiti akauliza nani bado anataka nyumba ile iwe makumbusho. Hakuna mkono uliopanda. Akaagiza vigingi ving'olewe kesho yake asubuhi, na mihogo iliyokatwa ilipwe mihogo. Halafu, kwa kuwa alitaka kufunga kikao kwa amani, akauliza kama kuna mwenye neno jingine.

Nikanyoosha mkono. Nikasema barua iliyoleta kibao, iliyoleta kamati, iliyoleta vigingi, niliiandika mimi na nikaigonga muhuri wa serikali. Nikasema wakati naiandika nilijua kwamba ukweli, kama upo, upo kwenye jalada la pili.

"Gerazi aliwadanganya kwa sababu mke wake alikuwa analia," nikawaambia. "Mimi niliwadanganya kwa sababu jalada la pili lilikuwa rafu ya juu, na sikutaka kwenda kuchukua ngazi."